Madini ya Mama Asha

Jamani, leo nimeaibika. Tena mchana kweupe, mbele ya wasomi.

Mnajua naendesha gari la ile kampuni inayotafuta madini kwa helikopta. Helikopta inaning'iniza pete kubwa, pete inatuma umeme ardhini, halafu inasikiliza kinachojibu. Kukiwa na madini chini, yanaitika. Ndivyo alivyonieleza mhandisi Didier (nami nikatikisa kichwa kama nimeelewa).

Sasa, kesho binti wa dada yangu anaolewa. Kwetu mtaani Bwiza harusi bila masufuria makubwa si harusi, na ya dada yangu, Mama Asha, ndiyo makubwa kuliko yote. Yalikuwa yameazimwa na jamaa zetu kule tambarare ya Imbo, karibu na kambi yetu. Asubuhi nikayapitia, pamoja na fremu za chuma za hema. Tatizo, gari la kampuni halibebi mzigo wa mtu. Ukikamatwa, unakwenda nyumbani.

Kabla ya kufika kambini nikayashusha kwenye majani marefu, niyachukue jioni. Nikayafunika kwa nyasi. Nikarudi nyuma, nikakagua. Hakuna kinachoonekana! Hata rubani angepita juu asingeona kitu. (Nilijipongeza, tena kwa sauti.)

Rubani akapita juu.

Mchana Didier akatoka mbio na kompyuta mkononi.

"Madame! Kuya uone! Hapa iko kitu! Kitu ya nguvu!"

Madame Chantal ndiye mkuu wetu, mwanajiolojia, mtu asiyecheka ovyo. Akatazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Yusufu, washa gari."

Nikachungulia ramani. Ni palepale penye masufuria!

"Madame, kule apana. Iko nyoka mingi."

"Basi tutavaa mabuti."

Wakavaa mabuti. Wakabeba na jembe. Na dereva ni nani? Mimi! Nimewapeleka mwenyewe, polepole, nikiomba gari lizime njiani (linazima kila wiki, leo likakataa).

Didier akatangulia. Mguu wake ukagonga kitu: ngaa! Akapiga magoti, akaondoa nyasi taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto mchanga. Kitako cha sufuria kikatokea, na maandishi mekundu: MAMA ASHA BWIZA. Ndivyo tunavyoandika masufuria yetu, yasipotelee kwa majirani baada ya sherehe.



"Mama Asha ni nani?" akauliza madame.

"Ni dada yangu. Kesho iko ndoa ya mutoto yake. Munisamehe, madame."

"Na nyoka?" Didier akadakia. "Iko wapi?"

 Nilijua kazi imekwisha. Nikaanza kupanga nitakavyomwambia mke wangu, maana nyumbani anayeleta chakula ni mimi peke yangu. Madame akakaa juu ya sufuria, akafunika uso. Nikadhani ni hasira. Kumbe anacheka! Alicheka hadi machozi yakamtoka.

"We Yusufu," akasema, "ndoa ni kitu ya kuficha? Ungeniambia tu. Huu mustari ya helikopta tutaruka tena. Ila ukificha chuma tena chini ya hii mashini, mi nakufukuza kweli. Haya, pakieni."

Didier, mhandisi na vyeti vyake vyote, akabeba sufuria kichwani. Gari la kampuni likapeleka mzigo hadi mlangoni kwa dada yangu, safari hii kwa ruhusa. Alhamdulillah! Kwa bosi mwingine sasa hivi ningekuwa natafuta kazi. Mungu amzidishie mama yule. Nimeshukuru mpaka akaniambia inatosha, na bado nashukuru.

Nimewaalika wote wawili kesho, wamekubali. Kwa hiyo ndugu zangu, kuleni pilau mtulie. Wale wageni wanasikia mpaka vilivyo chini ya ardhi, sembuse minong'ono yenu.