Ombi la Kurudishiwa Redio Mbovu

Kwa Fundi Umeme wa Magari,
Karakana ya nyuma ya kiwanda cha matofali.

Ndugu Fundi (ambaye pia ni shemeji yangu, ila leo hilo tuliweke kando),

YAH: REDIO ULIYOIFUNGA KATIKA GARI LA MAREHEMU BABA

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima, na ule mkono uliopigwa shoti siku ile sasa unashika kijiko bila kutetemeka. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa kwa haya yafuatayo.

Kwanza nikupongeze. Gari lenye umri wa miaka arobaini na mitatu, ambalo redio yake ilikufa kabla dada yako hajanikubali, leo lina redio ya kisasa yenye taa za buluu, saa, na sauti ya mwanamke anayetukaribisha kwa Kiingereza kila tunapokanyaga breki. Hapo kwenye breki ndipo penye mgogoro.

1. Redio inaimba nikikanyaga breki tu. Nikiondoa mguu, inanyamaza. Gari likitembea, kimya kama chumba cha mtihani, likisimama, harusi. Nimesoma kitabu cha maelekezo chote, pamoja na kurasa za Kichina, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba hiyo ni sifa yake.

2. Kwa sababu hiyo nimekuwa dereva wa ajabu. Jumamosi, wakati wa mpira, nilikanyaga breki mara tisa kati ya daraja na stendi ili nijue matokeo. Nyuma yangu kulikuwa na lori la magodoro. Dereva wake akashuka, akaja dirishani na matusi yake tayari mdomoni. Nikakanyaga. Akasikia penalti imetolewa. Akaegemea mlango. "Usiachie, mzee," akaniambia. Tulisimama hapo watu wawili, magari kumi na manne na magodoro, mpaka kipa akaudaka mpira.

3. Askari wa usalama barabarani alinisimamisha akidhani nimelewa. Nikamweleza, hakuamini, nikamwonyesha. Akamwita mwenzake, nikamwonyesha na yeye. Sasa kila asubuhi wananisimamisha wasikie taarifa ya habari, na mkuu wangu wa idara hataki kuamini kwamba nimechelewa kazini kwa sababu ya mambo ya nchi za nje.

4. Nimeanza kurudi nyumbani kwa njia ya mlimani, kilomita kumi na moja zaidi, kwa kuwa kwenye ule mteremko ndipo mahali pekee ambapo wimbo unafika mwisho. Dada yako ameuliza huko mlimani kuna nani. Nimemjibu kuna mteremko. Jibu hilo, fundi, halijawahi kumwokoa mwanaume yeyote.

5. Ulikata dashibodi kwa msumeno wa chuma. Nilikuwepo, na nilishika upande wa pili, ila nilifumba macho, kwa hiyo sihesabiki.

6. Uadilifu unanilazimisha kugusia jinsi waya ulivyopatikana. Ulikuwa umelala chini ya usukani, miguu nje, taa ya kupimia mkononi, ukitafuta waya wenye umeme. Ukaniambia nikae kwenye kiti cha dereva, niwashe swichi. Nikakaa. Na kama kila mtu wa nyumba hii anavyofanya akikalia kile kiti, nikaweka mguu kwenye breki, maana handibreki ilikufa mwaka mmoja na redio, na ua wetu umeinama kuelekea choo cha jirani. Taa yako ikawaka. Ukasema, "Nimeupata." Nikasema, "Funga huo huo, usihangaike." Kumbe ni waya wa taa za breki, na aliyeuwasha ni mguu wangu. Bado naona kosa ni lako, kwa sababu wewe ndiye mwenye cheti.

7. Hayo sita nimeyatanguliza ili nipate ujasiri. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mama amekataa kupanda gari. Unajua kwamba kila Alhamisi nampeleka kliniki ya presha, na kwamba kabla ya kufunga mkanda alikuwa anazungusha kile kitufe cha redio ya zamani, tiki, kama alivyokuwa akifanya marehemu baba. Redio haikusema kitu, wala hakuitaka iseme. Baba mwenyewe hakuwa msemaji ndani ya gari: mikono miwili kwenye usukani, midomo imebanwa, macho mbele. Siku ulipomaliza kazi, mama alifungua mlango, akaona taa za buluu mahali pa kitufe, akaurudishia mlango taratibu. "Nenda tu, mwanangu. Mimi nitatembea." Ana miaka sabini na mmoja, na kliniki iko juu ya kilima. Ametembea Alhamisi mbili. Ya tatu aliishia nusu ya njia, akarudi bila kupimwa, akasema wamefunga. Nilipiga simu. Hawakuwa wamefunga.

Kwa hiyo naomba rasmi: kabla ya Alhamisi ijayo, uje ung'oe redio nzima, uniwekee mbovu. Najua katika maisha yako ya ufundi hujapata mteja anayelilia kuharibiwa redio. Kama ile ya zamani umeitupa, tafuta nyingine. Sharti ni moja tu, isifanye kazi. Nikisikia hata mkwaruzo wa stesheni, nitaikataa.

Nisalimie mkeo, watoto, yule mbwa wa karakana aliyelala kwenye kiti changu cha nyuma, na wateja wako wote ambao wakipiga honi vioo vinashuka.

Wako katika kusimama na kuondoka,
Shemeji yako (nimeshindwa kuliweka kando).

N.B. Barua hii imekaa mfukoni mpaka leo, Alhamisi. Asubuhi mvua ilimwagika, mama akapanda shingo upande, mkoba mapajani, uso dirishani. Niliendesha kama niliyebeba mayai, nikikwepa breki. Kwenye njia panda nikakosa ujanja. Redio ikaimba mistari miwili, nikaachia, ikakatika. Njia panda ya pili, hivyo hivyo. Nikaona mabega ya mama yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akaniambia baba aliogopa kuongea gari likitembea, kwa hiyo hadithi aliianza getini, akaiendeleza kila aliposimama, na kuna moja ya ng'ombe wa mwalimu wake iliyochukua safari nne. Tulipofika njia panda ya tatu nikapunguza mwendo, naye akanigusa goti. "Kanyaga, mwanangu. Mwache amalize."

Presha yake imeonekana nzuri kuliko yangu.

Kwa hiyo usiguse waya wowote. Njoo tu na breki pedi, seti mbili. Zilizokuwepo zimeishia leo kwenye mteremko wa kliniki, kwa sababu mama hakutaka wimbo ukatike.