Vita vya Clifford Sugden na Shirika kwa Ajili ya Pudini Iliyonywea

Sogeeni, enyi walipa leseni, nanyi pia mnaojificha nyuma ya pazia mkaguzi anapobisha hodi. Yazimeni masanduku yenu yenye kelele, viwekeni chini vikombe vya chai, mtege masikio, nipate kuwasimulia habari za Clifford Sugden wa Cleckheaton, mji mdogo wa Yorkshire kule Uingereza, muuza mazulia mstaafu, mshika rimoti asiyepokonyeka, bwana wa kiti kilichokwisha kuchukua umbo la makalio yake, ambaye peke yake, amevaa ndara za nyumbani, alisimama mbele ya Shirika la Utangazaji la taifa zima kudai ada yake ya televisheni, ile ya leseni anayotozwa kila mwenye kutazama, irudi mfukoni ilikotoka. Majemadari wengine walipigania falme. Huyu alipigania pudini. Nitawacheka wote wanaostahili kuchekwa, na yeye mwenyewe simwachi.

Chanzo cha vita kilikuwa oveni. Shirika lilituma msafara wake katika ukumbi wa kanisa, magari na nyaya na taa na mtangazaji mwenye meno meupe kuliko dhamira yake, waje kupiga picha za mapishi ya kwetu. Akaitwa Winifred, mke wa Clifford, mwenye mkono wa unga, ambaye pudini yake ya Yorkshire, yaani unga, mayai na maziwa yaliyomiminwa katika mafuta yanayofuka moshi, ilikuwa ikiumuka kila Jumapili ikapita kofia ya askofu. Sasa, mtoto yeyote wa jimbo hili, kabla hajajua kusali, anajua kwamba mlango wa oveni haufunguliwi pudini ikiwa inapanda. Shirika halikujua, au lilijua likadharau.

"Fungua kidogo mama, kamera ione," akasema mtangazaji.

"Itanywea, baba."

"Kidogo tu."

Ukafunguliwa. Taa ikawa mbaya, ukafunguliwa tena. Pudini ikalala chini kama askari aliyepigwa risasi, na yule mtu wa meno akaishika kwa vidole viwili mbele ya ufalme mzima, akasema, "Jamani, hii ni pudini au soli ya kiatu?" Taifa likacheka. Kisha likarushiwa marudio, likacheka tena.

Winifred akasema, "Si kitu." Asiyewajua watu wa Cleckheaton atadhani kweli haikuwa kitu. Aliichukua trei yake nyeusi, urithi wa mama yake, akaifungia katika kabati la chini ya ngazi, na tangu siku hiyo nyama ya Jumapili ikaliwa na viazi vya kuchemsha. Akaacha hata kwenda bucha ya mtaani, maana mle foleni yote ilikuwa imetazama kipindi, akawa anapanda basi hadi mji wa pili kununua nyama miongoni mwa wasiomjua. Clifford alimwona akirudi na kikapu, kichwa chini, na moyo ukamuuma kuliko tumbo, ingawa tumbo nalo lilimuuma sana.

Ndipo akasimama katikati ya sebule, akamnyoshea kidole adui.

"Ewe sanduku mjaa uwongo! Nimekulisha kwa jasho la mazulia yangu, nawe umemtafuna mke wangu mbele ya watu! Naapa, ada niliyokupa utaitapika, na radhi utaiomba!"

"Cliff, unaongea na nani?" Winifred akauliza kutoka jikoni.

"Na historia, Winnie."

"Basi iambie historia ivue viatu, nimetoka kupiga deki."

Akaanza kwa waraka. Aliutunga kwa hasira, akaupiga stempu, akaupeleka posta kwa mkono wake mwenyewe kana kwamba sanduku la posta la mtaani kwao lingeweza kuwa na wapelelezi. Shirika likamjibu kwamba linathamini sana maoni ya watazamaji, na kwamba linasikitika ikiwa mama alihisi vibaya. Hebu iangalieni hiyo radhi, waungwana! Haina kosa ndani yake, haina mkosaji, ina mama tu aliyekosea kuhisi. Clifford aliisoma akasikia damu ikimpanda hadi kwenye upara.

Akahamia kwenye simu. Alizingirwa na muziki wa kusubiri tangu chai ya asubuhi hadi karibu na chakula cha mchana, wala hakutikisika, hata ngome ikafunguka.

"Ofisi ya Leseni, Shabnam naongea. Nikusaidie nini, kipenzi?"

"Bibi," akanena shujaa, "mbele yako yupo Clifford, mwana wa Herbert, mwana wa Clifford. Nadai nirudishiwe ada yangu, kwa kuwa Shirika mnalolikusanyia fedha limefungua mlango wa oveni kabla ya wakati wake na kumwaibisha mwanamke mwema mbele ya taifa."

Shabnam akaacha kuchapa.

"Limefungua oveni?"

"Mara mbili."

"Pudini ikiwa ndani?"

"Ikiwa ndani."

"Hao watu wana wazimu?" Shabnam akasema kwa uchungu, kwa kuwa alizaliwa Batley, mji jirani, na mambo haya aliyanyonya tangu utotoni. "Lakini baba yangu, kompyuta hii haina mahali pa oveni. Hela tunamrudishia mtu ambaye hatazami tena, basi. Wewe unatazama?"

Clifford akageuka. Kwenye televisheni snuka, ule mchezo wa kusukuma mipira mezani kwa fimbo, ilikuwa inaendelea, mpira mweusi ukiwa mdomoni mwa shimo.

"Kuanzia sasa," akasema kwa sauti ya mtu anayekubali kukatwa mguu, "sitazami."

Akaligeuza lile sanduku, likaangalia ukuta kama mtoto mtukutu darasani. Ushujaa huo msiukuze mno, maana kila snuka ilipoanza alionekana akimmwagilia jirani maua yaliyo chini ya dirisha la sebule ya huyo jirani, huku mvua inanyesha, na shingo yake ikiwa ndefu kupita kawaida.

Fedha zikarudi. Ziliingia benki na maelezo mafupi kwamba mteja hana tena haja ya huduma. Kuhusu oveni, hata neno moja.

"Si umeshinda?" Winifred akasema.

"Nimeshinda wapi? Wamenilipa kama wanavyomlipa mtu aliyekufa," akasema Clifford, na hapo hakuwa anahutubia. Alikuwa na huzuni tu.

Ndipo Shirika, lisilomwamini mtu anayesema hatazami, likamtuma mkaguzi. Alikuja Jumapili asubuhi, mtu wa makamo aitwaye Gavin Pettifer, koti la mvua mwilini, kitambulisho chenye jina la Shirika kikining'inia kifuani. Clifford akampokea mlangoni kifua mbele.

"Ingia, mjumbe wa madhalimu! Kagua! Utaona sanduku limeadhibiwa!"

"Asante, mzee. Sitakawia. Naweza kuona na jikoni?"

Jikoni ni pembamba. Winifred alikuwa anarudi kinyumenyume kutoka kwenye sinki, sufuria ya viazi mikononi, akamkanyaga mjumbe mguu kwa uzito wake wote. Na katika nchi hii, sijui ni nani aliyetuloga, anayeomba radhi ni yule aliyekanyagwa.

"Aa! Samahani, mama!" Gavin akalia, machozi yakimlenga. "Samahani sana! Kosa langu!"

Clifford akamsogelea.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Ulichomwambia mke wangu."

"Nimesema samahani. Kosa ni langu, sikupaswa kusimama hapo."

"Winnie! Umesikia? Jina la Shirika liko kifuani mwake! Amesema kosa ni lake! Hakusema anasikitika ikiwa umehisi!"

Winifred akaangalia mguu ulioinuliwa, akaangalia kitambulisho, akamwangalia mumewe aliyevimba kama jogoo. Alijua vizuri kwamba huo ni upuuzi mtupu. Akacheka. Alicheka hadi akashika sinki, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu siku ya ukumbini, na Clifford akajikuta ameweka mkono mdomoni ili midomo isitetemeke.

"Mwanangu, umeshakula?" Winifred akamuuliza mkaguzi. Hakungoja jibu. Akaenda kwenye kabati la chini ya ngazi, akarudi na trei nyeusi.

Unga ukapigwa, mafuta yakafuka moshi, mlango ukafungwa. Gavin akajisogeza karibu na oveni kupasha vidole moto.

"Usiguse!" wakapiga kelele wote wawili.

"Mimi ni mtu wa Huddersfield, Yorkshire hii hii," Gavin akajibu, ameudhika kikweli. "Nani anafungua oveni?"

Pudini ikapanda. Ikapanda mpaka ikagonga chuma cha juu. Mjumbe wa Shirika akala moja na mchuzi, akaomba ya pili, akaifuta sahani kwa mkate. Kisha Clifford akakumbuka kwamba jioni ile ni fainali ya snuka, na Gavin, mchuzi ukiwa bado kidevuni, akamwandikia leseni mpya palepale mezani. Fedha zote zilizotekwa vitani zikarudi kwa adui kabla chai haijapoa.

Na Shirika je? Shirika halijui kwamba lilishindwa, wala halijui kwamba kulikuwa na vita. Lile jitu la meno bado linatabasamu mahali fulani, likifungua oveni za watu. Lakini iandikwe katika tarehe za mji huu kwamba Jumatatu Winifred Sugden hakupanda basi. Aliingia bucha ya mtaani, akasimama kwenye foleni pamoja na wote waliocheka, na zamu yake ilipofika akaagiza nyama ya Jumapili, kipande kikubwa, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.