Chumba cha Wakfu na Goti Langu

Alhamisi, 14 Desemba 1786

Leo tumemzika mzee Abner. Mungu amrehemu. Chumba chake katika nyumba za wakfu, zile za wazee maskini, kiko wazi! Kuta za mawe, meko ya ndani, kuni za bure. Baridi hii ya Norfolk itaniua. Paa langu linavuja juu ya kitanda, na mimi niliyeezeka nusu ya kijiji siwezi tena kupanda ngazi. Wadhamini wa wakfu watachagua mtu Alhamisi ijayo, sikukuu ya Mtakatifu Tomaso. Tunaokitaka ni wawili: mimi na Enoch Garrod, mchimba mitaro, mwenye kifua kibovu. Anakohoa kanisani makusudi ili wamwonee huruma.

Jumamosi, 16 Desemba

Nimepata! Yeye ana kikohozi, basi mimi nitakuwa kiwete. Nimeazima fimbo kwa jirani yangu Keziah, yule mjane. Akauliza nimeumia wapi. Nikamwambia goti, tangu nilipoanguka paani. "Paa gani, mzee wangu? Jana si ulimkimbiza nguruwe wangu mpaka mtoni?" Mwanamke huyu hana haya.

Jumapili, 17 Desemba

Kuchechemea kunachosha kuliko kulima. Lakini mchungaji mwenyewe alinishika mkono mpaka kwenye benchi! Enoch akanikodolea macho, akasahau kukohoa. Wakati wa kurudi nilibadilisha mguu bila kujua. Keziah akanishauri nijifunge uzi kwenye ule mbovu. 

Alhamisi, 21 Desemba

Niliingia mbele ya wadhamini nikiburuta mguu. Nikalia kidogo. Machozi yalikuwa ya kweli, maana nilikuwa nawaza paa langu. Mkuu wao, Bwana Ludkin, akafuta macho, akasema kijiji kizima hakuna anayestahili kama mimi. Moyo ukanidunda! Kisha akasema bahati mbaya wosia ni wosia: anayekaa katika nyumba zile lazima aende kanisani kwa miguu kila asubuhi, akasali kwenye kaburi la marehemu aliyezijenga. Na mimi, maskini, sina miguu. Wakampa Enoch.

Wale wazee wa wakfu nimewaona miaka yote wakienda kaburini na makoti yao ya buluu. Nilidhani wanajipendekeza!

Nilitaka kusema goti limepona. Lakini Bwana Ludkin alikuwa bado anafuta macho. Mchungaji akanisindikiza, ikabidi nichechemee mpaka mlangoni. Nimechoka. Nimechoka kweli.

Jumamosi, 23 Desemba

Theluji. Enoch amekuja bila kuitwa. Kifua hakimruhusu kutoka asubuhi, na wadhamini, kwa kuwa chumba tayari ni chake, wamemkubalia awe na mtu wa kumwendea kaburini. Mtu huyo atalala mle mle, karibu na moto. Akasema, "Vitanda viwili vinaenea, Jabez. Njoo bwana, tuzeeke pamoja." Nikamwonyesha fimbo. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Akasema kijiji kizima kinajua, hata nguruwe wa Keziah anajua, wasiojua ni wadhamini tu. Niende nikawaambie ukweli, yaishe. Niwaambie! Baada ya Bwana Ludkin kunililia? Nikamjibu kwamba goti langu si la mchezo. Akanitazama, akaniwekea kipande cha mkate mezani, akaondoka. Nilitamani kumwita. Sikumwita.

Jumatatu, 25 Desemba

Noeli. Kitanda kimelowa. Enoch amemchukua Silas mkata nyasi, mtu asiyejua hata kusali. Kutoka hapa nauona moshi wa dohani yao, na nadhani nasikia harufu ya nyama. Nililia, na safari hii hakukuwa na mdhamini wa kuniona.

Halafu nikakaa, nikafikiri vizuri, nikaona kosa langu lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa mguu. Wale mabwana wanataka mtu wa kuhurumiwa, lakini anayetembea. Na mzee Simon wa chumba cha mwisho kule kwenye wakfu hafiki Pasaka, kila mtu anasema hivyo. Kipofu anatembea vizuri kabisa.

Kuanzia kesho asubuhi, sioni.