Neno Refu la Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 4 Machi

Mzee Miwani kastaafu! Msahihishaji wetu wa prufu kaaga saa nne, na saa nne na dakika tano kiwanda kizima cha uchapaji kilikuwa kinakitolea macho kiti chake cha dirishani. Upepo, mwanga, raha mustarehe. Mimi, mpanga kurasa, nimekaa nyuma ya mlango miaka kumi na moja. Kila anayeingia hunigonga goti. Goti lenyewe sasa linaniuma hata siku za mapumziko.

Bosi hapendi makelele. Ugomvi wowote hapa huamuliwa kwa kopo la herufi za mbao, masalia ya enzi za kupanga kwa mkono. Katia mkono, katoa tano: G, H, L, R, T. Atakayeleta neno refu zaidi la Kiingereza lenye herufi zote hizo, na nyingine zozote, kiti chake. Mwisho Ijumaa. Na neno liwemo ndani ya kamusi ya ofisi, ile nene yenye mhuri. Mambo ya simu hataki kuyasikia.

Wenzangu wamejitoa, eti Kiingereza chao hakina pumzi. Kabaki mmoja: Sindano, mshonaji wa vitabu. Dada mpole. Simwamini hata kidogo.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata “photographically”. Herufi kumi na sita! Nikatangaza mezani wakati wa chai ya asubuhi. Mama, tunayeishi naye, akauliza herufi zenyewe ni zipi, akafikiri kidogo, akasema “daughter-in-law”, huku akimtazama mke wangu. Nikahesabu. Zimo zote! Mke wangu naye akakokotoa, akasema “mother-in-law”, yaani mama mkwe, limekosa G tu, na G yenyewe ipo, ni ya gubu. Nikaenda kazini bila kumaliza chai.

Jumatano, 6 Machi

Sindano anaimba kazini. Dalili mbaya. Nikamuuliza kwa upole amefikia wapi. Akasema kumi na saba, akaendelea kushona. Kumi na saba! Nimekwisha.

Jioni nikapita mtaani nikisoma kila kibao. Kinyozi, bure. Duka la vioo, bure. Mama mmoja akaniuliza nimepoteza nini. Mara, kwenye geti la zahanati, nikaliona: otorhinolaryngologist! Nikahesabu kwa kidole hadi mlinzi akauliza mgonjwa ni nani. Ishirini na moja, na tano zangu zote zimo!

Lakini ni nini? Nikaingia. Karani wa mapokezi akasema ni daktari wa masikio, pua na koo. Nikataka kujua pua ni kipande kipi cha neno. Hakujua. Akamwita muuguzi, muuguzi akamwita daktari mwenyewe, naye akanionyesha: oto sikio, rhino pua, laryngo koo. Kumbe kifaru kwa Kiingereza kaitwa kwa pua yake! Nikauliza mengine saba. Kwa dakika kumi nzima nilikisahau kiti. Daktari akanishika bega, akaniambia kuna wagonjwa.

Alhamisi, 7 Machi

Neno limo katika kamusi ya ofisi! Nililitazama mara tatu, kama mtoto wangu wa kwanza.

Kisha balaa. Sindano kaichukua kamusi, analamba kidole, anafunua ukurasa mmoja mmoja. Yuko N. Baada ya N ni O! Alipokwenda kunywa maji, nikauchomoa ukurasa. Sikuiba, nimeazima. Umo mfukoni mwa shati. Akili ni mali!

Ijumaa, 8 Machi

Sindano kaanza: “straightforwardly”. Maana yake, wazi bila hila. Bosi akalikuta, Sindano akapigiwa makofi.

Nikasimama, nikalitamka langu polepole. Bosi akafunua kamusi, akafunua tena. Ukurasa wa 612, kisha wa 615. Akasema neno hilo halimo. Nikasema limo! Akasema nimwonyeshe.

Ee Mungu wangu! Nikiutoa, mimi mwizi. Nisipoutoa, mlango na goti hadi nistaafu. Nikautoa.

Bosi akausoma, akahesabu herufi mara mbili, akakiri ni ishirini na moja. Halafu akasema sharti lilikuwa neno liwemo ndani ya kamusi, na hili limekutwa ndani ya shati. Kiti ni cha Sindano! Watu walicheka mpaka mashine ikazimwa. Niliumia, sisemi uongo. Sindano akaniambia pole, na aliimaanisha. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumapili, 10 Machi

Adhabu: nimepewa kamusi niende nayo nyumbani, niurudishe ukurasa kwa gundi. Nimeurudisha, safi kabisa, huwezi kujua. Mtu mzima hutafakari makosa yake, nami nimetafakari. Kupunguza ukurasa ni upumbavu. Ukurasa huongezwa!

Wiki ijayo tunagombea feni ya Mzee Miwani, kwa kopo na kamusi ileile. Mimi ndiye mpanga kurasa, aina ya herufi za kamusi ninayo, karatasi kama yake ninayo, gundi imebaki nusu chupa. Neno nimeshalitunga, herufi thelathini na nne, alfabeti nzima imo. Mke wangu kauliza maana yake nini. Nimemwambia bado naitafuta.