Kikombe cha Profesa Zečević

Redio, mwanafunzi aliyepewa jina hilo kwa umbea wake, aliingia mkahawani kwa Persida na habari kabla hajafunga mlango: matokeo ya dodoso yamebandikwa kitivoni. Wanafunzi waliulizwa, ukikwama, nani hukuongoza na kukushauri? Walimu wameshika nafasi ya sita.

"Ya tano nani?" Desanka akauliza.

"Mama wa fotokopi."

Meza nzima ilicheka mpaka vijiko vikalia. Mkongwe, aliyekuwa mwaka wa tatu kwa mwaka wa nane sasa, na kwa hiyo mwenyekiti wa kijiwe, alisema haoni ajabu. Mama wa fotokopi anajua swali gani linakuja kwenye mtihani. Mwalimu anajua tu kwamba wewe hujui.

Redio akawatetea walimu kidogo, kwa ubishi tu. Mwalimu ni taa ya barabarani, alisema, anamulika njia.

"Taa umewahi kuiuliza njia ikakujibu?" Mkongwe akamkata. "Nyamaza unywe kahawa, mdogo wangu."

Desanka alicheka nao, lakini mkono wake haukutoka mfukoni. Humo mlikuwa na fomu ya kuhama idara ya umeme kwenda chuo cha kilimo, kusomea nyuki. Babake alimtaka kwenye umeme. Yeye tangu utotoni mizinga ya bibi yake ndiyo ilimlaza na kumwamsha. Fomu ilikosa kitu kimoja, sahihi ya mshauri wake, Profesa Zečević, na dirisha la ofisi ya kupokelea fomu lingefungwa saa sita mchana siku hiyo. Likifungwa, ni mwaka mwingine wa nyaya.

Mara tatu, na kijiwe kizima kilijua, alikuwa amefika mlangoni kwa profesa na kugeuka. Nani asingegeuka? Kila mtu alimjua Bogoljub, aliyekwenda kuomba ushauri kuhusu mchumba, akapewa chaki, akatoka ameanguka mtihani ambao hata haujatungwa. Hivyo ndivyo wasemavyo, na mlevi wa kahawa hana haja ya ushahidi. Persida mwenyewe alisimulia kisa hicho upya huku akikusanya visahani, akaongeza na machozi.

Saa tano na nusu mlango ukafunguliwa, akaingia Profesa Zečević.

Kijiwe kikawa msiba. Hakuna aliyewahi kumwona humo. Akasalimu kwa kichwa, akaketi dirishani, akanywa kahawa yake chungu kimyakimya. Kisha akafanya jambo lililomwacha Desanka mdomo wazi: akafudikiza kikombe juu ya kisahani, akakibonyeza kwa vidole viwili kama bibi yeyote wa mji wa Niš, akamwita Persida amsomee bahati yake.

Persida akavaa miwani. Akayageuzageuza mashapo kwenye mwanga.

"Naona mlango, mwanangu. Mtu anafika, anainua mkono abishe, anageuka. Mara tatu."

Profesa akasogeza kiti. "Mwanafunzi?"

"Msichana. Na hapa pembeni kuna nyuki."

"Nyuki?"

"Wengi tu."

Chini ya meza Mkongwe alimkanyaga Desanka. Redio, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alijiziba mdomo mwenyewe.

Profesa alisema kwa sauti ya chini, ila chumba kile hakikuwa na pa kufichia sauti, kwamba ameliona dodoso. Kila Jumatano saa tano hukaa ofisini kwa ushauri, mlango wazi, miaka minne, hajaja mtu. Mwanzoni aliweka peremende mezani. Zimegandana, hazibanduki hata kwa kisu.

"Sasa nifanye nini, shangazi?"

"Usifanye kitu. Kaa hapo hapo," Persida akasema, akimtazama Desanka juu ya miwani. "Anakuja."

Desanka akainuka.

"Profesa, wa nyuki ni mimi." Akatandika fomu kando ya kikombe. "Kabla ya sahihi, naomba ushauri. Nikiacha umeme, nitajuta?"

Profesa akatazama kikombe, akamtazama yeye. "Kwa mujibu wa kanuni ya kumi na nne ya..."

Persida akakohoa.

Profesa akavua miwani, na bila miwani alionekana mtu wa kawaida, tena amechoka.

"Mimi nilitaka kupiga akodioni," akasema. "Nikaogopa kumuuliza mwalimu wangu. Sasa ni mwaka wa thelathini na moja nafundisha transfoma. Kama najuta sijui, binti yangu. Sikuwahi kupata cha kulinganisha nacho."

Akasaini haraka, mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

"Kimbia. Kimbia kabla sijarudi kuwa mwalimu."

Desanka akatoka mbio bila koti, dakika kumi na mbili mkononi. Nyuma yake akasikia kiti cha Mkongwe kikiburutwa kuelekea dirishani, na Mkongwe akisema kwa adabu kwamba na yeye ana jambo dogo la kushauriwa, la miaka minane hivi. Halafu ikaja sauti ya profesa, tayari imerudi kuwa ya darasani, ikimwambia asimame wima na aeleze kwanza anajua nini kuhusu transfoma.