Kiti cha Kulia

Jumatatu, 12 Januari
Baridi ya kuvunja meno. Nimepakia unga, nepi, maziwa na mlango wa jokofu usio na jokofu. Nina leseni ya urubani na saa mia mbili na kumi za kuruka, na kampuni imenipa koleo la theluji. Ndiyo desturi hapa Thompson, mji wa mbali kaskazini. Rubani mchanga hupakia mizigo kwanza, kisha siku moja huitwa akae kiti cha kulia, awe msaidizi wa kapteni. Siku moja ipi, hakuna asemaye. Kampuni kubwa za kusini hata hazinijibu. Kazi inataka saa, na saa zinatoka kazini.

Bibi yangu kapiga simu kutoka Dauphin kuuliza kama siku hizi mimi ni mchukuzi. Nikamjibu ni mchukuzi mwenye leseni.

Habari kubwa: rubani msaidizi mmoja kapata kazi kusini. Kiti kitupu. Wapakiaji wenye leseni tuko wawili, mimi na Odette Chartrand. Odette ana saa chache kuliko zangu, na hasemi sana. Watu wa namna hiyo ni wa kuchungwa. Mwamuzi ni Kapteni Loretta Beardy, mkuu wa marubani. Nimeazimia. Kiti ni changu.

Jumanne, 13 Januari
Mbinu ya kwanza: kuonekana. Nimekuja na shati jeupe na tai, koti wazi ili tai ionekane. Kapteni Beardy alipita, akasimama, akaniuliza kuna msiba wa nani. Nikasema najiandaa kwa majukumu makubwa.

“Funga koti, mwanangu,” akasema. “Maiti hawapewi usukani.”

Kufikia mchana masikio yalikuwa kama ya kuazima. Odette akanipa kofia yake ya sufu. Niliikataa kwa heshima. Baadaye niliichukua.

Alhamisi, 15 Januari
Mbinu ya pili, yenye akili zaidi. Kuna kazi kila mtu huikwepa: kuja alfajiri kuwasha hita za injini ndege zisigande. Jana nilimwambia msimamizi kwamba Odette anapenda sana alfajiri, ila anaona haya kuomba. Hesabu yangu: kufikia adhuhuri awe anasinzia juu ya magunia, na Kapteni amwone.

Kumbe Kapteni Beardy naye huja alfajiri. Wamekunywa kahawa pamoja. Kapteni kamkalisha ndani ya ndege na kumweleza vipimo na vishale vyote, kimoja kimoja.

Odette akaja kunishukuru. “Taras, kumbe ulinisemea. Sikujua una moyo hivyo.”

Nikasema si kitu. Bibi angesema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini bibi hajui mambo ya urubani.

Ijumaa, 16 Januari
Asubuhi bahati ilinijia yenyewe. Rubani msaidizi aliyebaki yuko kitandani na mafua. Ndege ya leo inaruhusiwa kurushwa na mtu mmoja, lakini Kapteni alitaka mikono ya kushusha mizigo kule Ziwa la Birika, kijiji kisicho na barabara. Akaniita. “Taras, funga ile pikipiki ya theluji vizuri, kisha njoo ukae mbele nami.”

Mbele! Pikipiki ilikuwa ya muuguzi wa zahanati ya kule, nzito kama ng’ombe. Ilitaka mikanda minne. Nikafunga miwili, maana niliogopa Kapteni asije akabadili mawazo, na nilitaka anikute kitini tayari, vipokea sauti masikioni, uso wa mtu aliyezaliwa pale.

Odette alikuwa akifagia theluji bawani. Akachungulia mlango wa mizigo, akapanda, akaisukuma pikipiki. Ikasogea. Akamwita Kapteni.

Kapteni Beardy naye akaisukuma kwa mkono mmoja. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

“Tukipaa, hii inarudi nyuma,” akasema. “Mkia unazama, pua inatazama mbinguni, na mimi na wewe tunaanguka pale mwisho wa uwanja, kwenye miti. Nina wajukuu, Taras. Shuka.”

Nikashuka. Odette akafunga mikanda yote, akakagua, akakaa kiti cha kulia. Ndege ikapaa. Nilisimama nikiitazama hadi ikawa nukta. Nilitazama miti ile ya mwisho wa uwanja. Sikuwahi kuona kwamba iko karibu hivyo.

Jumapili, 18 Januari
Odette kapewa kiti. Mafunzo anaanza kesho. Alikuja kwangu na mkate wa kukaanga wa mama yake, ungali moto, akasema alimwomba Kapteni asinifukuze. Kapteni kakubali: nibaki mpakiaji, na kila mzigo nitakaoufunga ukaguliwe na mtu mwingine. Mkate ulikuwa mtamu. Iliniuma kwamba ulikuwa mtamu.

Nimeyatafakari yote kwa unyofu, na kosa langu nimeliona. Mlango wa mizigo. Niliuacha wazi.

Sivunjiki moyo. Odette akipata saa za kutosha, kampuni za kusini zitamtaka, na kiti kitakuwa kitupu tena. Kwa nini nisubiri bahati? Kesho naanza kuzipigia simu mwenyewe, nimsifu mpaka wamchukue. Wakiuliza mimi ni nani kwake, nitasema ndimi niliyemfundisha kufunga mizigo.