Mwandishi wa Kwanza

Jumatatu, 1 Julai 1974

Ukungu tangu alfajiri. Kikao cha walimu. Mkuu wa chuo chetu cha ufundi hapa Lushoto, Ndugu Mbaraka, ametusomea tangazo la jarida moja la elimu la Dar es Salaam. Wanataka makala za utafiti juu ya mafunzo ya uhandisi: yafundishwe vipi ili taifa lifaidike? Chuo ambacho makala yake itachapishwa kitaombewa karakana mpya. Mwandishi atakayetajwa kwanza atakwenda Dar kuisoma makala mbele ya wataalamu. Huko huenda akaonwa na mtu wa Wizarani. Na mtu akishaonwa na mtu wa Wizarani, harudi tena kufundisha kwenye ukungu.

Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kusoma. Rubeni Shekiango naye akanyoosha. Rubeni hufundisha hisabati, mimi uchoraji wa mitambo. Tumekuwa pamoja tangu shule ya misheni kule Gare, na hatujawahi kutaka vitu viwili tofauti. Niliponunua koti la mvua, naye alinunua koti la mvua.

Mkuu akafikiri. Kisha akasema nchi hii ni ya ujamaa, hakuna utafiti wa mtu mmoja. Tutaandika pamoja, naye atasimamia. Kusimamia maana yake ni kwamba jina lake litakuwepo na kalamu yake haitakuwepo.

Nimepiga makofi kama wenzangu. Ujamaa ni imani nzuri sana, hasa kwa aliyekaa bila kazi.

Jumatano, 3 Julai

Utafiti umeanza kwa kasi. Siku mbili zimekwisha kwenye kichwa cha makala. Mimi nilitaka "Mhandisi Mzalendo". Rubeni alitaka neno "takwimu" lionekane. Tumepatana: "Takwimu za Mhandisi Mzalendo: Uchunguzi wa Wahitimu wa Milimani". Takwimu hatuna. Wahitimu tunao, ila hatujui walipo.

Tumegawana kazi. Rubeni ataandika sehemu ya kuonyesha kwamba tumewasoma wataalamu wa nje. Maktaba yetu ina kitabu kimoja tu cha uhandisi. Kinahusu mitambo ya mvuke na kimeandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo Rubeni haijui. Hilo halikumzuia. Kufikia wakati wa chai alikuwa amekwisha kukinukuu, na alikuwa ameanza kutokubaliana nacho.

Mkuu ataandika aya ya kukishukuru Chama. Anataka iwekwe mwanzoni, na ikiwezekana katikati pia, kwa msisitizo.

Mimi nitakwenda kwa wahitimu na maswali. Kwa maneno mengine, mimi ndiye mtafiti. Hao wengine ni mapambo.

Jumamosi, 6 Julai

Mlola, siku ya gulio. Basi liliharibika njiani, abiria tukalisukuma. Dereva aliposikia nafundisha mambo ya mitambo alinisihi nitazame injini. Nikaitazama. Nikamwambia ni injini.

Nimewapata wahitimu wetu wawili, Mussa na Timotheo, wamekaa bega kwa bega, mmoja anauza kabichi, mwingine viazi. Wakasimama wote wawili, shikamoo mwalimu. Nikaeleza habari ya utafiti. Mussa akauliza kama watakaojibu vizuri watapewa ajira. Nikasema utafiti hautoi ahadi. Ila sikulisema kwa sauti kubwa.

Kuanzia hapo majibu yakawa mazuri ajabu. Swali la kwanza: je, mafunzo yalikufaa? Ndiyo. Swali la pili, nililoliweka kama mtego: je, mafunzo hayakukufaa? Ndiyo. Timotheo alimsikiliza Mussa kwa makini, akajibu vilevile, kisha akaongeza kwamba lolote nitakaloandika yeye amekubali.

Nikamwuliza Mussa uhandisi wake anautumia wapi. Akazitazama kabichi zake kwa muda mrefu.

"Nazipanga zisiporomoke, mwalimu," akasema.

Nimeandika: "Mhitimu anatumia kanuni za uzito na mizani katika kukuza uchumi wa vijijini." Timotheo naye, ambaye viazi vyake vilikuwa vimemwagwa chini kwenye gunia, nimemwandika kuwa bado anafanya majaribio.

Jumatatu, 8 Julai

Siku kubwa. Makala imekamilika. Klara, karani wa chuo, ameipiga chapa yote isipokuwa mstari wa majina, kwa kuwa mstari huo ndio makala yenyewe.

Nilikwenda nimejiandaa. Nilisema kwa unyenyekevu kwamba mimi sina shida na nafasi, tufuate tu alfabeti. Kristofa, Mbaraka, Rubeni. Ni bahati tu kwamba mimi naanza.

Mkuu akasema alfabeti tumeletewa na wageni. Mila zetu ni mkubwa kutangulia. Yeye ana miaka hamsini na mmoja, jambo linalojulikana chuo kizima, kwa sababu hulisema kila anapopanda ngazi. Rubeni akasema yeye ana arobaini na minne. Wakanigeukia mimi.

Mimi nina arobaini na sita. Lakini mdomo wangu ulisema hamsini na sita.

Klara akaacha kupiga mashine. Nikaeleza kwamba nilichelewa kuanza shule kwa ajili ya kuchunga mbuzi, na kwamba baridi ya huku huhifadhi ngozi kama inavyohifadhi viazi. Nilimwogopa Rubeni. Tumesoma darasa moja, angeweza kunimaliza kwa neno moja. Rubeni akatazama dirishani, hakusema kitu. Nadhani ni heshima. Imechelewa, lakini naipokea.

Mkuu akainuka kitini, akasogea, akanipa mkono. "Shikamoo, mzee Kristofa."

Nikaitikia marahaba. Klara akaandika: Kristofa Shemdoe, Mbaraka Kaniki, Rubeni Shekiango. Bahasha imekwenda posta.

Jumanne, 9 Julai

Sijui kwa nini sikuzeeka mapema. Asubuhi nimepewa kiti kilicho karibu na jiko la mkaa. Chai imeanzia kwangu. Saa ya elimu ya kujitegemea, walimu wote waliposhuka bondeni kupalilia kabichi za chuo, Mkuu alinizuia kwa mikono miwili, mzee pumzika. Nimepumzika. Nimewatazama kutoka juu, na kwa mara ya kwanza nimeona kwamba lile shamba lina mandhari nzuri.

Rubeni naye amenipa shikamoo. Ilimtoka kama jino.

Jumatano, 17 Julai

Barua kutoka ofisi ya elimu.

Kumbe Mkuu, kwa wema wake ambao hakuna aliyemwomba, aliwaandikia kwamba hapa tuna mzee wa hamsini na sita bado anasimama ubaoni kwenye baridi, na itafaa aenziwe. Ofisi haikusoma neno la kuenzi. Imesoma namba. Imeniarifu kwamba nimepita umri wa kustaafu, inanishukuru kwa utumishi wangu, na nyumba ya chuo niirudishe mwisho wa mwezi.

Mkuu alinisomea kwa sauti ya msibani. Akasema wataniaga kwa heshima. Rubeni amekwisha kuchagua zawadi, mkongojo wa mti mgumu, umechongwa vizuri. Wakaniomba niujaribu. Nikaujaribu. Ni mrefu kidogo.

Nikauliza, na safari ya Dar? Mkuu akasikitika. Mstaafu si mwalimu wa chuo, hawezi kukiwakilisha. Jina litabaki pale juu, lakini atakayesafiri ni anayefuata. Anayefuata ni yeye. Alisikitika kwa muda mfupi sana.

Alhamisi, 18 Julai

Nimemweleza mke wangu. Nilichagua wakati mzuri, akiwa ameshiba.

Jenoveva ameondoa sahani kwanza. Kisha akauliza kama baba yake alijua kwamba anamwoza kwa rika lake. Akauliza tutahamia wapi na watoto, na maharage yaliyo nyuma ya nyumba atayavuna nani. Akauliza kama mtu wa Wizarani atatupa chumba. Nilikuwa na hoja, lakini hakuulizia hoja.

Nikamwambia kesho nitakwenda kwa Mkuu kusema nilikosea hesabu. Akasema mwalimu wa michoro ya mitambo anayekosea hesabu ya umri wake atafukuzwa kwa sababu nyingine. Ukweli ukitoka kinywani mwangu sasa hautanunuliwa na mtu. Anahitajika shahidi.

"Kamlete aliyekuzaa," akasema, akaenda kulala na watoto.

Nilikaa peke yangu na taa. Nyumba hii ina kuta nne na bati lisilovuja. Sikuwahi kulitazama lile bati.

Jumamosi, 20 Julai

Gare. Mama yangu, Marta, alikuwa anachambua mboga barazani. Nilipiga magoti, nikamwamkia, nikaanza kwa mbali: habari za utafiti, maendeleo ya taifa, umuhimu wa kushirikiana. Akaniambia niseme nimefanya nini.

Nikasema.

Akaweka ungo chini. Alihesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu, na nikaona uso wake unabadilika.

"Kwa hesabu yako," akasema, "mimi nilikuzaa kabla sijavunja ungo. Ndivyo ulivyowaambia watu Lushoto? Na ukaandika?"

Nikasema haikuandikwa hivyo hasa. Akasema yeye ni mke wa ndoa, alifunga kanisani na shela, na mji mzima ulikuwepo. Akaingia ndani. Nilidhani amekataa, machozi yakanijia. Akatoka amevaa kitenge cha sikukuu na viatu.

Njia nzima hakunisemesha. Kwenye mteremko alinishika mkono, lakini ni kwa sababu ya matope.

Jumatatu, 22 Julai

Kikao. Mkuu, walimu wote, na mwenyekiti wa tawi la Chama kama shahidi. Mama alikataa kiti. Kila mtu alimpa shikamoo, na nilihisi zangu za wiki mbili zinaondoka moja moja.

Amesema mimi ni mwanawe wa tatu. Nzige walipokula mahindi ya Gare, mimi nilikuwa mgongoni, sijaota meno yote. Mwenyekiti akahesabu kwenye karatasi, akapata arobaini na sita. Ilitosha kabisa. Lakini mama akishapanda mlima kwa ajili ya ukweli harudi na robo. Akaeleza pia kwamba nilichelewa kutembea, na kwamba nililoanisha mkeka hadi nilipokuwa na akili timamu. Klara alikuwa anaandika kumbukumbu za kikao. Ameandika yote.

Kisha mama akamwona Rubeni, ambaye tangu mwanzo alikuwa amekaa nyuma ya kabati.

"Na wewe mgosi, mwanamume kama wewe, mbona unajificha?" akauliza. Akawageukia wengine. "Huyu mtu mzima. Wakati wa nzige huyu alikuwa anachunga mbuzi za mjomba wake. Ndiye aliyekuwa akimbeba Kristofa kwenda shuleni. Walimchelewesha kuanza, maskini, akasoma na watoto."

Mwenyekiti akahesabu tena. Hamsini na mitatu.

Mimi nilidhani aliweza kunibeba kwa sababu ya nguvu tu. Ndipo nikaelewa kwa nini alitazama dirishani siku ile. Anaomba nafasi ya masomo ya nje, na mwisho wa umri ni arobaini na mitano. Miaka hii yote kila mwaka mpya umri wake ulikuwa unabaki nyuma. Nimemchukia kwa moyo wote, halafu nikaona anajisogeza zaidi nyuma ya kabati, na kwa kitambo kidogo sikumchukia.

Mkuu amesema nyumba sitahama, ataandika upya ofisini. Mila ni mila, majina yarekebishwe. Rubeni, Mbaraka, Kristofa. Simu ya maandishi imekwenda Dar. Rubeni amekuwa mwandishi wa kwanza na amelia. Mimi nimekuwa wa mwisho na nimebaki na bati.

Jenoveva amempikia mama kuku. Mimi nilipewa shingo.

Jumatano, 14 Agosti

Habari mbili kwa basi moja.

Ofisi ya elimu imekubali kwamba mimi si mzee. Imeambatanisha karipio.

Jarida nalo limejibu, na nakala ya makala yetu imo ndani ya toleo jipya. Wahariri wanasema wamepunguza kidogo. Shukrani kwa Chama zimebaki mara moja. Wataalamu wa Kijerumani wameondolewa, kwa kuwa mhariri mmoja amesoma Kijerumani. Takwimu zimeondolewa, kwa kuwa wahitimu waliosema ndiyo kwa kila kitu wamewatatanisha. Mbali na hizo shukrani, kilichobaki ni aya moja, ile ya Mussa na kabichi. Wameisifu. Wanasema inaonyesha kwa uchungu hali ya kijana aliyefunzwa ufundi akakosa kazi ya ufundi, na imekuwa hoja nzuri ya kuomba karakana. Mimi sikuiandika kwa uchungu. Lakini nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimemwona Mussa anavyozitazama zile kabichi.

Kisha nikatafuta jina langu. Mstari ni mfupi, nafasi haikutosha. Wamechapa: "Rubeni Shekiango na wenzake".

Mimi ni wenzake.

Alhamisi, 15 Agosti

Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Tumetoka misa, moyo mweupe. Padri amehubiri juu ya unyenyekevu, na niliona anamtazama Rubeni.

Baada ya chakula nimelisoma jarida lote, kwa utulivu, bila kijicho. Ukurasa wa mwisho kuna tangazo dogo. Zawadi kwa mtafiti chipukizi wa mafunzo ya uhandisi, pamoja na safari ya masomo Yugoslavia. Mwandishi awe mmoja peke yake. Asizidi miaka arobaini.

Nimejitazama kwenye kioo cha dirisha. Baridi ya huku kweli huhifadhi.

Mama bado yupo hapa, yuko jikoni na Jenoveva. Nimekwenda nikakaa karibu naye, nikamsaidia kuchochea moto. Nikamwambia taratibu, kwa sauti ya mtoto, kwamba kumbukumbu za wazee huteleza, na hakuna atakayemlaumu akigundua kwamba alizidisha mwaka mmoja hapa, mingine pale.

Ameacha kukoroga. Ananitazama, mwiko mkononi.

Nadhani ameanza kulainika.